Programu ya shabaha inasema hivi, bunduki inapiga vile: kutafuta kosa ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia, malalamiko yanayonifikia ni yaleyale: "Programu yangu ya balistiki ni mbovu, inanidanganya." Mara nyingi programu haina kosa. Hesabu ya risasi inavyoruka hewani ni hesabu ya siku nyingi, na programu zinazoaminika, kama JBM au Applied Ballistics, ukizilisha namba zilezile zitakupa majibu yanayokaribiana sana. Kosa liko kwenye namba ulizoingiza, na huku kwetu linajitokeza haraka kuliko kwingine. Mtu anazero bunduki (anarekebisha darubini ili risasi ipige anapolenga) Mbeya kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, halafu anashuka bonde la Rukwa kwenye mita 800 hivi. Hewa ni nyingine na joto ni jingine, ila simu bado inakumbuka ya Mbeya.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza, usiruke. Na tafadhali usibadilishe namba mbili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kasi na BC (namba ya jinsi risasi inavyopenya hewa) pamoja, halafu risasi ikaingia penye nukta, hutajua ni ipi iliyokuwa na kosa, na kwenye umbali mwingine utakosa tena.

Kabla ya kugusa simu

Kagua bunduki kwanza. Hakikisha haina risasi, chemba na magazini, kisha shika darubini kwa mkono na uitikise kwa nguvu ya kawaida. Ikicheza hata kidogo, mambo ya programu yaweke kando. Angalia skrubu za vyuma vinavyoishikilia darubini na zile mbili za kitako. Mafundi wengi huchora mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaovuka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nusu yake huku na nusu kule, skrubu imezunguka. Kama yako hazina alama, zikishakazwa vizuri kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, zichore. Rangi ya kucha inatosha.

Pili, pima umbali wa shabaha. "Mita mia" nyingi za vijijini ni hatua mia za mtu mfupi. Tumia leza au futi ya fundi ujenzi.

Tatu, piga risasi tatu au tano za boksi moja kwenye mita 100, ukiwa umelaza bunduki kwenye kiroba cha mchanga, sehemu iliyoruhusiwa na yenye kilima nyuma ya shabaha. Tundu zikitawanyika upana wa sahani, huna cha kulinganisha na programu. Risasi moja haithibitishi lolote, hata ikipiga katikati.

Dalili: Mita 100 iko sawa, mita 300 inapiga juu kuliko simu inavyosema

Hii ndiyo kubwa. Robo tatu ya mazungumzo yangu na watu yanaishia hapa, kwa hiyo nitakaa nayo.

*Mgandamizo wa hewa umeingizwa wa baharini.* Simu yako inaposema mgandamizo wa leo Mbeya ni 1,016, hiyo si hewa unayoivuta. Watabiri wa hali ya hewa hurekebisha kipimo kana kwamba kila mji uko ufukweni, ili miji iweze kulinganishwa. Hewa halisi ya Mbeya mjini ina mgandamizo wa karibu hektopaskali 830. Iringa ni kama 840, Njombe karibu 800, tambarare za Usangu kama 895, na kando ya Ziwa Rukwa kama 920 na kitu. Ukiiambia programu 1,016 nayo ikachukulia kuwa ndiyo hewa halisi, itadhani risasi inapita kwenye hewa nzito ya Tanga. Itakuagiza upandishe darubini zaidi ya inavyotakiwa, na risasi itapita juu.

Jinsi ya kukagua: tafuta kwenye programu mahali panapoulizwa kama mgandamizo ni halisi au umerekebishwa kwa usawa wa bahari. Chagua njia moja tu. Ama ingiza mgandamizo halisi wa pale uliposimama na uache mwinuko bila kazi, ama ingiza mwinuko na joto, uiache programu ikadirie mgandamizo yenyewe. Kwa mwindaji wa kawaida njia ya pili inatosha. Simu zenye kipimo cha mgandamizo ndani yake husoma ule halisi. Ukiwa Mbeya ukaona namba iko miaka ya 800, hiyo ndiyo.

Usitegemee kosa hili lionekane kwenye mita 200. Kwa bunduki ya .308 ya kawaida, kwenye mita 300 ni sentimita chache tu. Ukifika mita 500 linakuwa upana wa kiganja, na hapo mtu anaanza kulaumu mtutu.

*Zero yako si zero.* Wazee wetu wengi wamefundishwa kuzero "inchi mbili juu kwenye mita mia", na si vibaya hata kidogo kwa kuwinda. Ila kwenye simu wameandika zero ni mita 100. Inchi mbili ni sentimita 5. Kwenye mita 300 hizo 5 zimekuwa 15, juu. Nimewahi kusikia mazungumzo haya kambini, kati ya kijana aliyeshika simu na mwindaji bingwa wa miaka mingi:

"Shikamoo mzee. Hii umezero mita ngapi?"

"Marahaba. Mia, mwanangu."

"Katikati kabisa ya nukta?"

"Katikati ya nini? Juu kidogo, ndiyo zero yangu hiyo tangu zamani."

Programu nyingi zina sehemu ya kuandika zero iko juu ya nukta kwa kiasi gani. Ijaze. Kama haina, ongeza umbali wa zero mpaka jedwali lionyeshe sentimita 5 juu kwenye mita 100, basi.

*Yadi na mita.* Kipima umbali cha leza kilichonunuliwa na mgeni kutoka Marekani mara nyingi kinasoma yadi. Yadi 300 ni mita 274. Ukiisoma 300 na kuiingiza kama mita, kwa .308 utapiga juu kama sentimita 7 hivi. Kagua kwa kupima kitu ambacho umeshakipima kwa futi.

*Urefu wa darubini juu ya mtutu.* Programu huja na namba yake, kwa kawaida sentimita 3.8, yaani inchi moja na nusu. Darubini kubwa za siku hizi, na zile za kufungua na kufunga kwa mkono kwenye .375, hukaa juu zaidi. Pima kwa venia au rula kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya darubini. Ukiwa na 5.5 huku simu inasema 3.8, kwenye mita 300 utapiga juu kama sentimita 3 na nusu. Ni kidogo, lakini makosa madogo ya upande mmoja hujumlishwa.

*Kasi halisi iko juu kuliko uliyoandika.* Hii kwa risasi za kiwandani si ya kawaida, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Kama risasi zako zinakwenda kwa kasi zaidi ya boksi na komeo linakuwa gumu kufungua, ruka hadi sehemu ya wildcat (risasi za kubuni za mafundi) hapa chini, na usipige nyingine.

Dalili: Mita 100 iko sawa, mita 300 inapiga chini

*Kasi ya boksi.* Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24, yaani sentimita 61. Bunduki yako ikiwa na inchi 20 au 22, kwa kila inchi iliyopungua unapoteza kama mita 7 kwa sekunde, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi. Mimi namba ya boksi naichukua kama tangazo la biashara mpaka nione kipimo. Azima kipima kasi kwa anayeongoza kambi. Vya rada havina usumbufu, vya macho hudanganywa na jua kali la saa sita na taa za LED. Vile vinavyofungwa kwenye mtutu hupima kasi vizuri lakini uzito wao huhamisha mahali risasi inapopiga, kwa hiyo usizero ukiwa umekifunga.

*G1 na G7 zimechanganywa.* BC ni namba inayoeleza jinsi kichwa cha risasi kinavyopenya hewa, na huandikwa kwa mizani mbili. Kichwa kilekile chenye 0.50 kwa G1 kitakuwa na karibu 0.25 kwa G7. Ukiandika 0.25 huku umeacha alama ya G1, programu itadhani unarusha kitu butu kama kizibo, na hapo utapiga juu sana, si chini. Kinyume chake, 0.50 ikiingia kwenye G7, simu itakupa mshuko mdogo kuliko wa kweli na utapiga chini. Kosa la namna hii huwa kubwa, halijifichi: ukiona tofauti ya nusu mita kwenye mita 500, angalia hapa kabla ya kwingine.

*Mwinuko umehesabiwa mara mbili.* Umeweka mgandamizo halisi, 830, na mwinuko mita 1,700, na programu yako ni ya zile zinazotarajia mgandamizo wa usawa wa bahari. Inaurekebisha tena. Sasa inadhani umesimama juu kuliko kilele cha Rungwe, hewa nyepesi kabisa, kwa hiyo inakupa kliki chache, yaani hatua chache za kuzungusha darubini.

*Baridi.* Baruti ikipoa huungua polepole. Kwa baruti za kawaida, hesabu ya kienyeji ni karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Zile zilizotengenezwa zisijali joto hupungua chini ya hapo. Asubuhi ya Juni Makete kunapoanguka sakitu, na mchana wa Oktoba Usangu, kuna tofauti ya digrii 25 au zaidi. Hiyo ni mita 12 mpaka 15 kwa sekunde.

Ukishamaliza haya yote na bado kuna tofauti ndogo, hapo ndipo unaruhusiwa "kuifundisha" programu: piga kundi la risasi kwenye mita 300 au 400, pima kwa rula zimeshuka kiasi gani, kisha sogeza kasi peke yake mpaka jedwali lilingane na karatasi. Programu zenyewe huwa na kitufe cha kazi hiyo. Kama inakubidi usogeze kasi zaidi ya mita 30 kwa sekunde ili ilingane, rudi nyuma, kuna kosa umeliruka.

Dalili: Ilikuwa sawa Mbeya, imeharibika porini

Shuku barabara kabla ya hewa. Bunduki iliyolala saa nyingi kwenye Land Cruiser, kwenye barabara za vumbi kaskazini ya Chunya, imepigwa mtikisiko ambao hakuna skrubu inayoupenda. Ukifika kambini piga risasi mbili au tatu kwenye mita 100 kabla ya kwenda popote. Zero ikiwa imehama, usibishane na simu, kaza na uzero upya. Ikihama tena kesho yake bila kuanguka, darubini imekufa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni au ya kuirudisha dukani, na hakuna kliki itakayoiponya.

Zero ikiwa bado nzuri, basi ni hewa na joto. Badilisha mwinuko na joto kwenye programu ziwe za pale ulipo, na uache sehemu ya "hali ya hewa wakati wa kuzero" ibaki ya Mbeya, kama programu yako inatenganisha hizo mbili. Kwa umbali wa mita 200, huhitaji kujisumbua na hili.

Joto lina ujanja wake: linalohusika ni joto la baruti, si la hewa tu. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi juani zina joto kuliko kivuli unachokisoma kwenye simu, na risasi iliyokaa ndani ya chemba yenye moto baada ya kupiga nyingi mfululizo ndiyo mbaya zaidi. Weka risasi kwenye mfuko wenye kivuli. Hili ni la usalama pia, kwa sababu baruti moto hupandisha mgandamizo ndani ya chemba.

Dalili: Urefu uko sawa, inakwenda kushoto au kulia

Upepo, karibu kila mara. Upande wa Makambako na Usangu upepo wa kusini mashariki wa kiangazi hauchezi. Angalia kwanza kipimo: programu inataka mita kwa sekunde au kilomita kwa saa? Mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa, kwa hiyo ukiingiza 16 ya kilomita kama mita, simu itakuagiza uende kando mara tatu na nusu ya inavyotakiwa. Halafu mwelekeo: programu huuliza upepo unatoka wapi, si unakwenda wapi. Saa tatu kwenye mchoro wa saa ya kizungu, yaani mkono wako wa kulia, maana yake unatoka kulia.

Ya pili ni kuinamisha bunduki. Ukisimama kwenye mteremko, jicho hudanganywa na ardhi na bunduki hulala upande bila wewe kujua. Kuinama digrii 5 tu kwa .308 kwenye mita 300 kunaleta kama sentimita 4 za kando. Pimamaji ndogo ya kufunga kwenye darubini ni rahisi kuliko mabishano.

Mzunguko wa dunia na msokoto wa risasi, achana navyo. Wapo watu wanaojaza latitudo ya Mbeya kwa makini, digrii 9 kusini, wengine wanasahau alama ya kutoa na kujikuta kaskazini, lakini kwa umbali wa kuwinda tofauti yake hutaiona kwenye ngozi ya pofu. Zima.

Dalili: Tambarare sawa, milimani inapiga juu

Ukipiga kupanda au kushuka, risasi hupiga juu kuliko kwenye tambarare ya umbali uleule. Pande zote mbili. Mtu akikuambia "kushuka inapiga chini", msikilize kwa adabu tu. Uvutano unahesabika kwa umbali wa mlalo: mita 300 kwenye mteremko wa digrii 30 unazipigia kama mita 260.

Sababu ya kawaida ni kwamba hukuingiza pembe kabisa. Inayofuata ni kinyume chake: leza yako tayari inatoa umbali uliorekebishwa, 260, na wewe unaingiza 260 pamoja na digrii 30 kwenye simu, nayo inarekebisha tena hadi 225. Hapo utapiga chini. Chagua nani afanye hesabu, leza au simu, na umzime mwingine.

Dalili: Nazungusha kliki ilizosema programu, risasi haifiki au inapitiliza

Vipimo viwili vya pembe, MOA na mil, vimechanganywa. Kliki ya robo MOA inasogeza milimita 7 kwenye mita 100. Kliki ya mil 0.1 inasogeza sentimita 1. Mil moja ni MOA 3.44. Darubini yenye msalaba wa mil na vitufe vya MOA ipo, na imewachanganya wengi. Soma kilichoandikwa juu ya kitufe chenyewe, siyo kwenye boksi.

Kama unatumia alama za msalaba badala ya kuzungusha, jua kwamba kwenye darubini nyingi za kuwinda msalaba haukui unapovuta picha karibu. Alama zake zina maana kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule mkubwa kabisa. Kwenye ukuzaji wa nusu, alama ya mil 2 inafunika mil 4.

Vyote vikiwa sawa, jaribu darubini yenyewe. Bunduki ikiwa tupu na komeo limetolewa, ibane isicheze, elekeza kwenye futi iliyosimamishwa wima mita 100 kamili. Zungusha mil 10: msalaba utembee sentimita 100. Kwa MOA, zungusha 30, utembee sentimita 87. Ikitembea 96 badala ya 100, darubini inapunja kwa asilimia 4. Programu nzuri ina mahali pa kuandika hivyo. Ikitembea na isirudi ilipoanza, hiyo ni mbovu.

Dalili: Risasi yangu haimo kwenye orodha (wildcat)

Hii huletwa na wageni. Wildcat ni risasi ambayo fundi ameizua kwa kubadili umbo la ganda la kiwandani: amebana shingo ikae kichwa kidogo zaidi, au amesukuma bega mbele baruti iingie nyingi. Baadhi zilikuja kukubaliwa na viwanda; .22-250 ilirasimishwa na Remington mwaka 1965 na .25-06 mwaka 1969. Zilizobaki hazina kipimo cha CIP wala SAAMI, mashirika yanayoweka viwango vya risasi, kwa hiyo hazipo kwenye menyu.

Kwa programu ya njia ya risasi hewani, jambo hili si tatizo. Haijali jina la ganda. Chagua "tengeneza yangu", uingize uzito wa kichwa, kipenyo, BC ya mtengenezaji wa kichwa, na kasi iliyopimwa. Iliyopimwa, nasisitiza, kwa sababu hapa hakuna hata boksi la kukudanganya. Mgeni akikupa kasi ambayo "programu ilikadiria", bado hujapata kasi.

Programu za ndani ya chemba, kama QuickLOAD ya Ujerumani au GRT, ni mambo mengine kabisa. Hizo hukadiria mgandamizo na kasi kabla ya kujaza risasi. Malalamiko ya wanaozitumia huko kwao ni moja: kasi iliyopimwa hailingani na iliyokadiriwa. Sababu ya kwanza ni ujazo wa ganda. Programu huweka ujazo wa ganda mama, wakati wildcat ina ujazo wake, na unatakiwa upimwe kwa maji kwenye ganda lililopigwa kwenye chemba ileile. Sababu ya pili ni jinsi kichwa kilivyozamishwa ndani ya ganda, kwani kikizama zaidi nafasi ya baruti inapungua na mgandamizo unapanda. Ya tatu ni toleo la baruti. Kopo jipya si lazima liungue kama la mwaka jana. Joto lipo pia, na mgeni aliyejaza risasi zake kwenye baridi ya nyumbani anazipiga sasa bondeni Oktoba.

Simama hapa. Kasi halisi ikizidi ile iliyokadiriwa, hiyo si bahati njema. Ni dalili kuwa mgandamizo nao umezidi. Komeo gumu kuinua, fataki ya nyuma ya ganda iliyobapa kabisa, alama ya kung'aa chini ya ganda, au moshi mweusi kuzunguka fataki: yoyote kati ya hizi, toa risasi zilizobaki kwenye bunduki, zitenge, usipige nyingine "kuhakikisha". Dalili hizi huja zimechelewa. Mgandamizo unaweza kuwa umepita mpaka muda mrefu kabla hujaziona. Usigonge komeo kwa nyundo likikwama huku ganda au risasi ikiwa ndani. Elekeza mtutu mahali salama na umwite fundi silaha mwenye leseni.

Wala usikubali kumsaidia mgeni "kupunguza baruti kidogo" mezani kambini. Nchini kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia mambo haya. Risasi zenye shaka zinabaki zimefungwa, na mgeni anatumia bunduki nyingine iliyo kwenye kibali chake. Kambi nyingi zina .375 H&H ya akiba, risasi iliyozaliwa mwaka 1912 na ambayo programu zote zinaijua.

Kuna shida moja ya wildcat isiyotokana na programu, ila hukutwa uwanja wa ndege: chini ya ganda kumeandikwa jina la ganda mama, bunduki imeandikwa jina jingine, na karatasi za kuingiza silaha zinasema la tatu. Mwambie mgeni mapema, kabla hajapanda ndege, ahakikishe maandishi yanalingana au alete bunduki ya kawaida.

Dalili: Namba zinabadilika zenyewe

Simu imechukua hali ya hewa kwenye mtandao, na mtandao umekatika. Programu inabaki na mgandamizo na joto la mara ya mwisho ilipopata mnara, pengine Chunya mjini, au inarudi kwenye namba za kiwandani: nyuzi 15 na mgandamizo 1,013, yaani ufukweni. Zima kujaza kiotomatiki na uandike kwa mkono. Baada ya kusasisha programu, kagua vipimo vyote upya, kwa kuwa vingine hurudi kwenye yadi na inchi bila kukuuliza.

Halafu toa jedwali kwenye karatasi. Umbali kila mita 50 kutoka 100 hadi 400, kliki kando yake, na juu kabisa mwinuko na joto ulivyovitumia na tarehe. Lifunike kwa selotepu pana na ulibandike upande wa kitako unaotazama uso wako. Tengeneza mawili, moja la nyanda za juu na jingine la bondeni, kwa kalamu za rangi tofauti ili usichukue lisilo lake alfajiri.